Ngonjera au Malumbano? Tahakiki ya Ujifunzaji Amilifu katika Ufundishaji wa Ushairi wa Kiswahili Chuo Kikuu

Utangulizi

Kwa miaka mingi sasa wahadhiri wa vyuo vikuu wamekuwa wakihimizwa waache kuwahutubia wanafunzi na badala yake wawape nafasi ya kushiriki katika masomo yao. Wito huu umeitikiwa na watu wa kila aina: wanafalsafa wa elimu, wakuu wa vyuo, watunga mitaala na wahadhiri wenyewe. Ni nadra kumsikia mtu akiupinga hadharani. Lakini jambo linalokubaliwa na wote kwa urahisi namna hii hapana budi lichunguzwe, kwani yamkini kila mmoja amekubali jambo lake mwenyewe, na neno tu ndilo lililo moja.

Makala haya yana shabaha ya kuichunguza dhana hiyo kwa kuitazama katika uwanja mmoja, yaani ufundishaji wa ushairi wa Kiswahili katika chuo kikuu. Hoja inayotolewa ni kwamba ujifunzaji amilifu haupimwi kwa wingi wa vinywa vinavyosema darasani. Unapimwa kwa kuangalia kama mwanafunzi amefikishwa mahali ambapo ni lazima aamue jambo na autetee uamuzi wake kwa sababu. Aidha, itaonyeshwa kwamba fasihi ya Kiswahili yenyewe ina vipengele viwili, ngonjera na malumbano, vinavyoweza kutusaidia kuitenga sura ya kweli ya mbinu hii na sura yake ya bandia.

Juu ya istilahi

Istilahi kadhaa hutumika kwa dhana hii. Wako wanaosema "mbinu shirikishi", wengine "ujifunzaji tendaji", na wengine "ujifunzaji amilifu". Tofauti zake si za mapambo. Neno "shirikishi" limetokana na kitenzi "shirikisha", ambacho ni cha kusababisha: yuko anayeshirikisha na yuko anayeshirikishwa. Kwa hiyo hata pale mwanafunzi anaposifiwa kuwa ameingizwa katika somo, sarufi ya neno hilo bado inamweka mahali pa mtendwa. "Amilifu", ambalo lina uhusiano na "amali", linamtazama mwanafunzi kama mwenye kazi yake. Hilo ndilo litakalotumika katika makala haya.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kitenzi chenyewe cha Kiswahili, "kujifunza", kina kirejeshi "ji". Anayejifunza, kwa umbo la neno, anaifunza nafsi yake. Pengine ni kosa kujenga falsafa nzima ya elimu juu ya mofimu moja, maana lugha husema mengi ambayo wasemaji wake hawayatendi. Hata hivyo, haiwezi kudaiwa kwamba fikra ya mwanafunzi mtendaji ni ngeni katika lugha hii. Kwa upande wa pili, neno "mhadhara" lina asili moja ya Kiarabu na maneno "hadhara", "hadhira" na "kuhudhuria". Katika asili yake ni jambo la watu kuwa pamoja mahali pamoja. Swali la msingi ni hili: je, wanaohudhuria wamehudhuria kwa mwili tu, au na kwa akili?

Mhadhara na chimbuko lake

Mara kwa mara husikika dai kwamba ujifunzaji amilifu ni mtindo wa kigeni, na kwamba heshima ya Mwafrika kwa mwalimu wake yapatana zaidi na mhadhara. Dai hili halina mashiko ya kihistoria. Mhadhara wa chuo kikuu ulizaliwa Ulaya katika zama za kati, wakati vitabu vilipokuwa adimu na ghali, na kazi ya mwalimu ikawa kusoma kitabu kwa sauti na kukifafanua. Hata hivyo vyuo hivyo havikuishia kwenye kusomewa. Mwanafunzi alitakiwa pia ashiriki katika mabishano rasmi, ambapo hoja ililetwa, ikapingwa, ikajibiwa, na kisha ikatolewa uamuzi. Kusikiliza na kubishana vilikwenda sambamba.

Utaratibu wa elimu ya juu uliletwa Afrika Mashariki kwa njia ya Chuo Kikuu cha London, kilichokuwa na uhusiano maalumu na Makerere tangu 1949, na baadaye na chuo cha Nairobi tangu 1961. Mwaka 1963 vyuo hivyo pamoja na kile cha Dar es Salaam vilifanyika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila kimoja kikasimama peke yake. Katika miaka hiyo wanafunzi walikuwa wachache, na mhadhara ulifuatwa na semina za vikundi vidogo. Idadi ilipoongezeka, semina ndizo zilizoathirika. Nchini Kenya ongezeko hilo lilionekana wazi mwaka 1990, wakati kundi la mwisho la kidato cha sita na kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4 yalipoingia vyuoni kwa pamoja. Kwa hiyo kinachoitwa leo desturi yetu ya kufundisha ni nusu ya desturi ya watu wengine. Nusu ya kusikiliza imebaki, na nusu ya kubishana imedhoofika kwa sababu ya uhaba wa nafasi na walimu.

Jambo baya zaidi ni kwamba mhadhara wenyewe umegeuka imla. Mhadhiri husoma maelezo yake polepole, mwanafunzi huyanakili, na mwisho wa muhula maelezo yale yale hurudishwa kwenye karatasi ya mtihani. Paulo Freire, Mbrazili, aliilinganisha elimu ya namna hii na kuweka akiba benki, katika kitabu chake juu ya elimu ya wanaokandamizwa, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilitolewa mwaka 1970. Kabla ya hapo, mwaka 1967, Julius Nyerere alikwisha kudai katika "Elimu ya Kujitegemea" kwamba shule imjengee mwanafunzi akili yenye kudadisi. Mawaidha hayo yananukuliwa sana katika mihadhara juu ya elimu, na mara nyingi hutolewa kwa imla.

Ushahidi na mipaka yake

Wanaotetea ujifunzaji amilifu siku hizi hawategemei falsafa peke yake. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake wa Marekani walikusanya matokeo ya tafiti 225 zilizolinganisha mhadhara wa kawaida na ufundishaji amilifu katika masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Waliona kwamba alama za mitihani zilipanda kwa wastani wa asilimia 6 hivi katika madarasa amilifu, na kwamba uwezekano wa wanafunzi wa mhadhara kufeli ulikuwa mara 1.5 ya ule wa wenzao.

Ushahidi huu ni mzito, lakini usichukuliwe zaidi ya unavyobeba. Kwanza, unahusu sayansi. Shairi si mlinganyo wa hisabati, na haifuati kwamba kinachomfaa mwanafunzi wa fizikia kitamfaa vivyo hivyo mwanafunzi wa fasihi. Pili, "ufundishaji amilifu" katika tafiti hizo ni jina la mambo mengi: maswali mafupi, kazi za vikundi, karatasi za mazoezi, na hata mabadiliko ya darasa zima. Kujua kwamba mkusanyiko huo kwa jumla una manufaa si kujua ni kipi ndani yake kinachofanya kazi. Hapo ndipo tahakiki inapohitajika.

Wala haiwezi kusemwa kwamba mbinu hizi hazijawahi kujaribiwa nchini. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kufundisha udaktari mjini Eldoret mwaka 1990, kilichagua tangu mwanzo utaratibu wa kuwajengea wanafunzi masomo yao juu ya matatizo ya wagonjwa na ya jamii, pamoja na kuwapeleka vijijini. Kwa hiyo kama idara za lugha zimechelewa, sababu haiwezi kuwa kwamba jambo lenyewe haliwezekani Kenya.

Mfano wa neno "mbuni"

Miongoni mwa mbinu zinazotajwa sana ni ile ya Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeieleza katika kitabu chake cha 1997. Mwalimu hutoa swali moja linalogusa kiini cha somo. Kila mwanafunzi huchagua jibu lake kimya, bila kumtazama jirani. Kisha hugeukiana, wakajadiliana wawili wawili au watatu watatu, kila mmoja akijaribu kumshawishi mwenzake. Baada ya hapo hujibu tena, na ndipo mwalimu anapotoa maelezo. Mbinu hii haihitaji chombo chochote isipokuwa swali zuri, na inaweza kutumiwa hata katika ukumbi wa watu 300.

Ichukuliwe mada ya mizani, ambayo kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hufundishwa. Kwa kawaida huelezwa kwamba mizani ni hesabu ya silabi, na kwamba mshororo wa kawaida wa tarbia una mizani 16, yaani nane katika kila kipande. Mwanafunzi huandika, na akiulizwa hutamka hivyo hivyo. Sasa apewe kipande hiki, ambacho kimetungwa kwa ajili ya zoezi tu: "mbuni yule amekwenda". Aulizwe: je, mizani zimetimia?

Darasa litagawanyika. Watakaohesabu mbu-ni-yu-le-a-me-kwe-nda watapata nane, na kusema kipande ni sahihi. Watakaohesabu m-bu-ni-yu-le-a-me-kwe-nda watapata tisa, na kusema kimezidi. Wote wawili wana haki, kwa sharti la kusema mbuni ni nani. Akiwa ni yule ndege mkubwa asiyeruka, neno lina silabi mbili. Akiwa ni mtu anayebuni, lina silabi tatu. Vivyo hivyo mti wa buni, yaani wa kahawa, ni m-bu-ni. Wanafunzi wakiachwa wabishane, mmoja wao hatimaye atajaribu wingi: mtu ni "wabuni", mti ni "mibuni", ndege ni "mbuni" vilevile. Ile m- inayoondoka katika wingi ni kiambishi cha ngeli, kilichokuwa "mu" zamani, na imebaki kuwa silabi hata baada ya kupoteza irabu yake. Ile isiyoondoka imeungana na "b" na haina silabi yake.

Hapo mwalimu anaweza kuongeza swali la pili: ikiwa m- ya ndege haihesabiwi, kwa nini neno "mbwa", ambalo nalo haligeuki katika wingi, lina mizani mbili? Mwanafunzi atalazimika kurudi kwenye kanuni ya mkazo. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno la silabi moja halina mahali pa kuuweka. Basi nazali inasimama peke yake na kuubeba. Ndivyo ilivyo katika "mbu", "nta" na "nchi" pia.

Katika dakika 20 darasa limepita kutoka hesabu ya ushairi hadi mofolojia ya ngeli na kutoka hapo hadi fonolojia ya mkazo, na limefika huko kwa sababu lilihitaji kujibu swali, si kwa sababu muhtasari ulisema mada imebadilika. Zaidi ya hayo, limegundua jambo ambalo ni vigumu kulifikisha kwa imla, nalo ni kwamba hesabu ya mizani si ya kimashine. Huwezi kuhesabu kipande kile kabla ya kukielewa.

Mgogoro uliogeuzwa orodha

Mfano wa pili unahusu mgogoro wa ushairi wa Kiswahili. Kaluta Amri Abedi alitoa mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kilichoshikilia vina na mizani kuwa ni sharti. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa "Kichomi", diwani yenye mashairi yasiyofuata masharti hayo. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi nao walijitokeza kudai kwamba vina na mizani si roho ya shairi. Watetezi wa mapokeo wakajibu, na mabishano yakaendelea kwa miaka mingi katika magazeti, majarida na makongamano.

Huu ulikuwa mjadala wa kweli. Watu walikasirika, walibadilisha misimamo, walijibiana kwa mashairi na kwa nathari. Lakini mara nyingi unavyofundishwa, umegeuka jedwali lenye safu mbili: upande mmoja "wanamapokeo" na hoja zao tano, upande wa pili "wanamapinduzi" na hoja zao tano. Mwanafunzi hukariri kumi zote na kuzitoa kwa mpangilio huo huo. Vita vimekuwa orodha ya silaha. Si ajabu kwamba mwanafunzi huyo akipewa shairi huru ambalo hajaliona kabla, hawezi kusema kwa nini ni shairi, ingawa anaweza kutaja waliosema ni shairi.

Ufundishaji amilifu wa mada hii ungeanza na shairi lenyewe, si na majina. Wanafunzi wapewe matini matatu yasiyo na majina ya watunzi: la kwanza la vina na mizani lakini lenye maneno makavu, la pili huru lenye taswira kali, la tatu nathari iliyokatwa mishororo. Waamue ni lipi shairi, na kila mmoja aandike sababu yake kabla ya kuzungumza. Sababu zitakazotokea darasani zitakaribiana sana na zile za miaka ya 1970, kwa kuwa tatizo ni lile lile. Ndipo waelekezwe kwa Amri Abedi na Kezilahabi, wakiwasoma kama watu wanaobishana nao, si kama vichwa vya safu. Na aliyekwisha kukumbana na "mbuni" atakuwa na swali lake mwenyewe kwa pande zote mbili: ikiwa mizani hutegemea maana, je, ni sawa kuziita umbo la nje tu?

Ngonjera na malumbano

Hata hivyo ni hapa ambapo hatari inajificha. Mwalimu anaweza kuyatenda yote hayo na bado asiwe ametoka kwenye imla. Fasihi ya Kiswahili inatupa jina la hatari hiyo.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala aliukuza utanzu wa ngonjera, mashairi ya kujibizana yaliyokusudiwa kueneza siasa mpya ya Tanzania. "Ngonjera za UKUTA", zilizochapishwa baada ya kifo chake cha 1969, zilitumiwa sana mashuleni. Katika ngonjera ya namna hii wapo wahusika wawili au zaidi, kila mmoja akisema kwa zamu. Mmoja hajui au anapinga. Mwingine anajua na anaeleza. Baada ya beti kadhaa, asiyejua hukubali, na wote humaliza kwa sauti moja. Kama chombo cha kueneza ujumbe, ngonjera ilifanya kazi yake. Lakini si mjadala, maana hukumu imekwisha kuandikwa kabla ya mhusika wa kwanza kufungua kinywa.

Malumbano ya kishairi ni jambo jingine. Tukichukua tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, tutaona kwamba nyingi zilitungwa kama hoja au majibu katika mabishano hai, hasa juu ya mvutano wa Wamazrui wa Mombasa na Seyyid Said wa Oman. Aliyetupa shairi hakujua atajibiwa nini. Mashairi yalipokelewa, yakafumbuliwa, yakarudishwa, na mtunzi alihatarisha jina lake mbele ya mji mzima.

Madarasa mengi yanayoitwa amilifu ni ya ngonjera. Wanafunzi hupangwa katika vikundi, hupewa karatasi kubwa na kalamu za rangi, hujadili kwa dakika kumi, na kila kikundi huleta msemaji. Kisha mhadhiri hufungua maelezo yake na kusoma jibu ambalo lilikuwa limeandikwa tangu mwaka uliotangulia. Wanafunzi si wajinga. Wanajifunza upesi kwamba kazi yao ni kubahatisha kilicho mkononi mwa mwalimu, na baada ya wiki chache wanamngoja akiseme.

Isidhaniwe kwamba malumbano maana yake ni swali lisilo na jibu sahihi. Swali la "mbuni" lina jibu, na mwanafunzi anayeshikilia kwamba ndege yule ana mizani tatu amekosea. Tofauti ni kwamba katika malumbano kinachoamua ni sababu iliyotolewa, si cheo cha aliyeitoa. Mwanafunzi akileta ushahidi wa wingi wa neno, mhadhiri mwenyewe anabanwa nao. Darasa ambalo mhadhiri hawezi kushindwa na hoja ya mwanafunzi ni ngonjera, hata kama viti vimepangwa kwa duara.

Pingamizi

Pingamizi nne zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni wingi wa wanafunzi. Ni kweli kwamba semina ya watu 12 haiwezekani penye watu 300 na mhadhiri mmoja. Lakini mbinu ya kuwaacha majirani wajadiliane ilibuniwa kwa ajili ya kumbi kubwa. Kinachohitajika ni swali lililopikwa vizuri, na kulipika ni kazi ngumu kuliko kuandika maelezo ya imla.

Ya pili ni adabu. Yasemekana mwanafunzi wa Kiafrika hatambishia aliyemzidi umri na elimu. Hili lina ukweli, lakini desturi yenyewe imekwisha kupata njia. Katika malumbano, aliyejibu alilijibu shairi, na aliweza kufungua kwa salamu na heshima zote kabla ya kuibomoa hoja ya mwenzake. Mwanafunzi anayeanza kwa "kwa heshima, Mwalimu" na kuendelea kuleta ushahidi hajavunja adabu yoyote. Tena ndiyo sababu ya kuanza na jibu la kimya na mazungumzo ya majirani: mwenye haya hulijaribu wazo lake kwa mwenzake kabla ya kulitoa hadharani.

Ya tatu ni muda: kwamba kwa njia hii mhadhiri hatamaliza muhtasari. Hili yafaa likubaliwe waziwazi. Hatamaliza yote kwa sauti yake. Lakini muhtasari uliokamilishwa na mhadhiri peke yake haujakamilishwa na yeyote mwingine. Maelezo yanayoweza kusomwa kitabuni yaachiwe kitabu. Wala si lazima mhadhara utupwe. Hakuna kikundi kitakachogundua kwa kujadiliana kwamba tungo za Muyaka zilihifadhiwa na kukusanywa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na William Taylor, wala kwamba William Hichens ndiye aliyezihariri zikachapishwa mwaka 1940. Mambo hayo husimuliwa. Lakini neno "mato" likitokea mwishoni mwa mshororo wa Kimvita, swali la kama mhariri ana haki ya kuliandika "macho" ni la kujadiliwa, kwani mizani zitabaki zilivyo ilhali kina kitaharibika. Mhadhara utoe yale yasiyoweza kufikiriwa bila kuambiwa, yaliyobaki yafikiriwe.

Pingamizi ya nne hutoka kwa wanafunzi wenyewe. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walionyesha kwamba wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa njia amilifu walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara mzuri. Mhadhara laini humpa msikilizaji hisia ya kuelewa. Kuhangaika na swali humwonyesha asichokijua. Mhadhiri anayepimwa kwa maoni ya wanafunzi peke yake atavutwa kurudi kwenye imla. Ni wajibu wa idara kuwaeleza wanafunzi mapema kwa nini wanasumbuliwa, na kutomwadhibu mhadhiri kwa kuwasumbua.

Mtihani na mwalimu wa kesho

Yote haya ni bure ikiwa karatasi ya mtihani itabaki ilivyo. Swali linalosema "Taja na ueleze hoja tano za wanamapokeo" linamwambia mwanafunzi, kwa lugha asiyoweza kuikosea, kwamba malumbano ya darasani yalikuwa mchezo. Mwanafunzi mwenye busara atarudi kwenye daftari la mwenzake wa mwaka uliopita. Karatasi ya ushairi haina budi kuwa na shairi ambalo halikufundishwa, na swali linalodai uamuzi pamoja na sababu. Na alama zitolewe kwa sababu, hata pale uamuzi unapotofautiana na wa mtahini.

Umuhimu wa jambo hili unavuka mipaka ya chuo. Wengi wanaosoma Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya huwa walimu wa shule za sekondari. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na ushairi ni sehemu ya mtihani wake. Mwalimu aliyefundishwa ushairi kwa imla ataufundisha kwa imla, na mwanafunzi wake atauogopa kama mtu anavyoogopa kitu ambacho hajawahi kukishika kwa mkono wake. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kitaifa katika madarasa ya chini mwaka 2019, unadai mwanafunzi atende na abuni, na wanafunzi wake wa kwanza wanatarajiwa kufika vyuo vikuu mwaka 2029. Itakuwa fedheha wakija kukuta huko ndiko mahali pekee ambapo bado wanasomewa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mhadhara wa imla si urithi wa Kiafrika bali ni nusu ya urithi wa kigeni; kwamba ushahidi wa manufaa ya ujifunzaji amilifu ni wa kuaminika lakini hauelezi wenyewe ni nini kinachoufanya uwe amilifu; na kwamba kigezo kinachohitajika kimo ndani ya fasihi ya Kiswahili. Swali la kujiuliza kwa kila mhadhiri anayepanga somo si kama wanafunzi watasema, bali kama kuna lolote watakaloweza kusema litakalombadilisha yeye. Jibu likiwa hapana, basi ameandaa ngonjera, na ingekuwa uaminifu zaidi kuhutubia. Jibu likiwa ndiyo, hata kwa swali moja tu katika saa nzima, malumbano yameanza.